Kikao cha Vyombo Arobaini

Jinsi Ngwali mpishi alivyofika nchi ya Itwani si jambo la kuwapotezea muda. Njia ilikuwa ndefu, miguu ikamuuma, akafika. Alikuja na masufuria saba makubwa, mwiko wenye urefu wa mtoto wa darasa la tatu, na barua iliyomwita kupika pilau ya harusi ya watu mia mbili katika mji wa Kiungo. Alikuwa amepika harusi za watu kwa miaka ishirini na tisa, huku na huko, na alikuwa na majivuno yake kidogo kama wapishi wote wazuri walivyo. Alidai hakuna jiko lililowahi kumshinda. Masikini ya Mungu, hakujua kwamba Itwani kazi si kuwasha jiko, kazi ni kulitaja.

Nchi yenyewe ina mikoa miwili, Bondeni na Mlimani, na Kiungo upo katikati, mguu mmoja huku na mwingine kule. Watu wake wanazungumza lugha moja. Wanasalimiana, wanazikana, wanaombana chumvi juu ya ua, na hakuna anayehitaji mkalimani. Ila vitu vya nyumbani kila upande unaviita kivyake. Mtu wa Bondeni anakata tungule, anakunywa maji kwa bilauri, anapepeta mchele kwa uteo na kutoka nje amevaa champali. Wa Mlimani anakata nyanya, anakunywa kwa glasi, anapepeta kwa ungo, na ndala zake zipo mlangoni. Vitu ni vilevile, mara nyingi vimetoka duka moja. Watu wengine wangecheka kidogo wakaendelea kunywa chai yao. Watu wa Itwani walitunga sheria.

Sheria inasema kila kitu kiwe na jina moja, na kitu kisicho na jina lililokubaliwa hakipo. Sikusema hakitambuliki. Hakipo.

Ngwali aliionja sheria hiyo sokoni, asubuhi ya kwanza. Soko la Kiungo limekatwa na uchochoro mwembamba, meza za Bondeni kushoto, za Mlimani kulia. Akaenda kushoto kwa mama mmoja mcheshi aliyekuwa na lundo la nyanya mbele yake, nyekundu, zinang'aa, akamwomba nyanya ndoo mbili. Ucheshi wote ukamtoka yule mama. Akajibu kwa adabu kwamba nyanya hana, hajawahi kuwa nazo, na labda bwana ajaribu ng'ambo. Ngwali akaonyesha kwa kidole. Yule mama akakitazama kile kidole, kisha akatazama mbinguni, akasema jua la leo litakuwa kali. Ngwali alikuwa karibu kumuuliza kama anaumwa alipomwona askari amesimama kwenye nguzo, kofia ya bluu, daftari wazi mkononi, sikio limeelekezwa kwao. Akafyata ulimi, akavuka uchochoro. Kule bwana mmoja mwenye miwani akampimia nyanya zake bila maneno. Zilikuwa bado na umande, na Ngwali alipouliza zimetoka shamba gani, yule bwana akamnong'oneza kwamba amezinunua alfajiri kwa mama yule pale.

Aliyemfafanulia mambo haya ni bwana harusi mwenyewe, aliyemjia na mkokoteni kuyabeba masufuria. Aliitwa Mbelwa, mtu wa Mlimani, fundi baiskeli wa miaka thelathini na minne, mpole, mwenye grisi isiyotoka kwenye kucha. Mbelwa alisukuma mkokoteni na kusimulia bila haraka, kama mtu anayeeleza hali ya hewa ya kwao. Akamwambia juu ya mwizi aliyekamatwa mwaka jana na ungo mpya wa watu. Mashahidi wa Bondeni waliapa ameiba uteo, mashahidi wa Mlimani wakaapa ameiba ungo, na hakimu akaamua kwamba mtu hawezi kufungwa kwa kuiba kitu kisichokuwepo. Mwizi akatoka mahakamani nacho kwapani, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwamuru akirudishe bila kwanza kukitaja.

"Na hamjachoka?" Ngwali akauliza.

"Tumechoka, mzee wangu," Mbelwa akasema. "Ila kila upande unasubiri mwenzake achoke zaidi."

Mpishi mgeni Itwani hapiki bila kibali, kwa hiyo wakapita kwenye jengo la Baraza Kuu la Majina. Ni jengo zuri, lina nguzo nane na milango miwili, na kila mlango unaitwa kwa jina lake. Ndani wajumbe walikuwa wakijadili kile tunachovaa miguuni tukienda bafuni. Mjadala ulikuwa na miaka kumi na miwili. Siku ile mwenyekiti, akiwa amechoka na champali na ndala kwa pamoja, alitangaza kwamba tume ya wataalamu imepata jina la tatu lisilomwonea mtu, nalo ni kikinganyayo chepesi cha uwazi. Wajumbe wakapiga makofi ya kusimama. Wengine walitoa machozi. Kisha kikao kikaahirishwa, na Ngwali, aliyekuwa akisubiri muhuri wake mlangoni, akawaona wakitoka mmoja mmoja na kumwuliza bawabu, huyu champali zangu ziko wapi, yule ndala zangu umeziweka wapi. Bawabu alimpa kila mtu zake bila kukosea. Nadhani yule ndiye aliyepaswa kuwa mwenyekiti, lakini mimi nani wa kuulizwa.

Walipofika nyumbani kwa bibi harusi, Ngwali akakuta maturubai yamefungwa na mafiga yamepangwa, ila hakukuwa na furaha ya harusi. Watu walitembea polepole na kusema chini chini, kama nyumba yenye mgonjwa. Bibi harusi, Mwanasiti, alikuwa fundi cherehani, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na moja, na alimkaribisha mgeni mwenyewe, akampa chai na mahamri, akakaa naye. Akamweleza lililokuwepo bila kuzunguka.

Watu wawili wa mkoa mmoja wakitaka kuoana Itwani, wanaoana. Lakini mtu wa Bondeni akimtaka wa Mlimani, lazima kwanza kifanyike Kikao cha Vyombo. Vitu arobaini vitakavyotumika katika nyumba mpya vinaletwa ukumbini kimoja kimoja. Kila ukoo unataja jina lake, unalitetea, na mwisho mmoja unakubali na kusema, "Tumewapa." Msajili anaandika. Kikibaki hata kimoja bila jina moja, nyumba nzima haipo, na watu waishio katika nyumba isiyokuwepo hawajaoana. Ukoo unapewa vikao vitatu tu. Cha tatu kikivunjika, majina ya wale wawili yanapigwa mstari kitabuni, na kila mmoja ana ruhusa ya kuoa au kuolewa na mtu yeyote duniani isipokuwa mwenzake.

Cha kwanza, miaka minne nyuma, kilivunjika kwenye kitu cha tisa, kile cha kuchotea mchuzi. Cha pili kilifika kitu cha ishirini na sita, nguo ya mwanamke ya kujifunga, na shangazi wa Mbelwa alipoambiwa kwamba kanga ni leso alitoka ukumbini akasahau hata mkoba. Kesho kingekuwa cha tatu.

Ngwali akamwuliza wao wawili, wakiwa peke yao, wanaviitaje hivyo vitu. Mwanasiti akacheka kwa mara ya kwanza.

"Tangu lini mtu akawaza hilo?" akasema. "Akisema nipe kile, nampa." Kisha kicheko kikaisha. "Nimemsubiri miaka minne, baba. Kesho wakishindwa, sitamwita mtu mwingine mume wangu. Nimeshasema."

Ngwali akamaliza chai yake. Akaenda kuchagua mchele.

Asubuhi ya pili moto ulikuwa tayari, nyama inachemka, na ukumbi umejaa. Kushoto walikaa Bondeni, na mbele yao Bi Mize, bibi yake Mwanasiti, mwanamke mfupi mkavu mwenye miwani iliyofungwa uzi mweupe. Kulia walikaa Mlimani wakiongozwa na Shangazi Mbonea, yule shangazi wa Mbelwa, mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa na kidole kimoja alichokinyoosha kila alipozungumza na ambacho watoto wa madarasa thelathini walikiogopa. Wawili hawa walikuwa majirani. Walitengana kwa ua wa miba tu, na kwa miaka mingi mmoja akipika kitu kizuri alimpelekea mwenzake bakuli. Lakini ndani ya ukumbi hawakutazamana.

Katikati alikaa Bwana Mauya, Msajili wa Majina ya Vitu, na kitabu chake kikubwa chenye jalada jekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeshika kitabu muda mrefu hadi kikamshika yeye. Akatangaza kwamba kikao kitafungwa saa saba kamili mchana, akapiga kengele, na chombo cha kwanza kikaletwa.

Ngwali alipika akiwa dirishani, jicho moja kwenye sufuria na jingine ukumbini. Akaona mambo yanakwenda vizuri kuliko alivyotarajia, maana pande zote mbili zilikuwa na hofu. Bondeni walipewa bilauri, Mlimani wakapewa ungo. Bondeni wakapata tungule baada ya robo saa ya maneno makali, Mlimani wakapata ndala. Kile cha kuchotea mchuzi kilichovunja kikao cha kwanza kilipita bila vita, na leso ikapita pia, Shangazi Mbonea akiwa ameuma meno. Sufuria ilipoletwa ikagundulika pande zote mbili zinaiita sufuria, na ukumbi mzima ukashusha pumzi. Kufikia saa tano vitu thelathini na tisa vilikuwa na majina. Kumi na tisa yalikuwa ya Bondeni, kumi na tisa ya Mlimani, na sufuria ilikuwa ya wote.

Sasa ona ubaya wa hesabu. Kilichobaki ni kimoja, na atakayekipata huyo ndiye mshindi.

Kikaletwa. Kilikuwa kifurushi cha njiti za mnazi, zimefungwa kamba katikati, cha kufagilia uwanja. Bi Mize akasimama akasema hilo ni peo. Shangazi Mbonea akasimama akasema huo ni ufagio. Wakaketi, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Nikiwaambia yote yaliyosemwa juu ya njiti zile kwa saa moja na nusu, mtaniondokea. Bi Mize alisema peo ni neno la mama zake saba nyuma, na kwamba neno ufagio linajaza mdomo kama kiazi cha moto. Shangazi Mbonea akasema ufagio umetokana na kufagia, kila mtoto anaona hivyo, na kwamba hajui mtu anayepea uwanja labda awe na wazimu. Wajomba wakaingilia. Mtu akataja marehemu, mwingine akamwambia awaache marehemu wapumzike. Bwana Mauya akapiga kengele mara sita. Nje, Ngwali alipunguza moto, kisha akapunguza tena. Alishawahi kuokoa pilau zilizozidi chumvi na zilizokosa maji, lakini hii ilikuwa inaharibika kwa maneno.

Saa sita u nusu Bwana Mauya akavua miwani. Akasema sheria ina kifungu kimoja ambacho hakijatumika miaka mingi. Ikiwa koo zimeshindwa juu ya kitu cha mwisho, bibi na bwana harusi wataitwa kutaja jina, kila mmoja mara moja tu, kwa wakati mmoja, na hakuna ruhusa ya kushauriana. Atakayekuwa tayari kuacha neno la kwao na kusema la mwenzake, basi neno hilo litaandikwa na kikao kitakuwa kimefaulu.

Mbelwa alisimama kulia, Mwanasiti kushoto, kitu chenyewe kikiwa mezani kati yao. Ngwali aliacha mwiko ndani ya sufuria, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote. Aliwaona wakitazamana. Alimwona Mbelwa akifuta mikono kwenye suruali.

Kengele ikalia.

"Peo," akasema Mbelwa.

"Ufagio," akasema Mwanasiti.

Wote wawili wakashtuka. Kwa muda hakuna aliyeelewa kilichotokea. Kisha mama mmoja wa Bondeni akaanza kulia, na mjomba mmoja wa Mlimani akapenga kamasi kwa kelele, na Ngwali akajikuta anafuta macho kwa upindo wa aproni, akajiambia ni moshi. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefunga kitabu pale pale akaomba sahani. Bwana Mauya akafungua ukurasa, akafuata mstari kwa kidole.

"Wametofautiana," akasema.

Kelele zilizofuata zilifika sokoni. Msajili akasubiri zipoe, kisha akasoma kifungu kinachofuata, na hata yeye alionekana kuona haya kukisoma. Majina yakitofautiana, kila ukoo unatakiwa ulitetee jina lililotajwa na mtoto wake. Maana yake Bondeni sasa ni upande wa ufagio, na Mlimani ni upande wa peo. Ukoo utakaokaa kimya umeshindwa, na ushindi wa ishirini utaandikwa kwa wenzao.

Bi Mize alikaa ametoa macho. Fikirini nafasi aliyokuwa nayo. Neno lake alipendalo lilikuwa karibu kushinda. Hakuhitaji kufanya chochote ila kunyamaza, na peo lingeandikwa kwa wino katika kitabu chekundu hadi mwisho wa dunia. Lakini lingeandikwa upande wa Mlimani, na chini yake pangeandikwa kwamba Bondeni wameshindwa. Ngwali alimwona akilitafuna jambo hilo, mashavu yanacheza. Na pale kulia Shangazi Mbonea alikuwa akitafuna lake lilelile. Haikuwahi kuwa habari ya neno, jamani, na wote wawili walilijua hilo kwa wakati mmoja.

Bi Mize akasimama.

Alianza kwa shida. Akasema ufagio ni neno ambalo, ukilizoea, halina ubaya. Akakohoa. Akasema ni neno refu, lakini kazi yenyewe ni ndefu pia. Watu wa Mlimani wakacheka kidogo. Halafu yule bibi akashika uzi wa miwani yake, na alipoendelea sauti yake ilikuwa nyingine.

"Mume wangu alipofariki," akasema, "nilikaa ndani siku arobaini. Uwanja wangu ulifagiliwa kila alfajiri na mtu ambaye sikumwomba. Siku ya kwanza nilimsikia dirishani akiuliza, dada, ufagio uko wapi. Sikuwa na nguvu ya kumrekebisha. Siku ya pili sikutaka kumrekebisha. Neno hilo ndilo lililokuwa sauti ya kwanza niliyoisikia asubuhi, na nilikuwa nalisubiri." Akaketi. "Nimemaliza utetezi wangu."

Hakuna aliyehitaji kuuliza mtu yule alikuwa nani. Shangazi Mbonea alikuwa ameinama. Alipoinuka kidole chake hakikunyooka. Akasema yeye alifundisha watoto wa mikoa yote miwili, na kwa miaka mingi aliwapiga wa Bondeni kiboko kwa kusema peo. Akasema kuna mtoto mmoja aliyebaki baada ya masomo kila siku kufagia darasa, na alipokuwa akifanya kazi aliimba kwa sauti ya chini, peo langu, peo langu, akidhani mwalimu hasikii. Mwalimu alisikia. Alikuwa anakawia kusahihisha madaftari ili asikie. "Sikuwahi kumwambia ni neno zuri," akasema. "Nalisema sasa. Ni fupi, ni jepesi, na mtu aliyechoka analiweza."

Zilikuwa zimebaki dakika nane kufika saa saba, na pande zote mbili zilikuwa zimetetea vizuri mno. Bondeni hawakuwa tayari kuuacha ufagio baada ya maneno yale ya bibi yao. Mlimani waliapa hawatoki bila peo. Wajomba wakaanza kunyanyuka tena, kila mmoja anapigania neno aliloliponda saa nzima, kwa hasira ileile, na pengine zaidi. Mbelwa alikaa chini akashika kichwa. Bwana Mauya alishika kalamu juu ya ule mstari mmoja mtupu, akatazama saa.

Ngwali alitaka kupiga kelele kupitia dirishani kwamba waandike lolote, wali unaungua. Lakini Mwanasiti alikuwa tayari amefika mezani.

"Bwana Msajili," akasema, "kitabu chako kinataka kila kitu kiwe na jina moja."

"Jina moja, binti yangu. Hakuna njia."

"Na kinataka vitu visipungue arobaini."

"Visipungue."

"Kimesema visizidi?"

Bwana Mauya akafungua mwanzo wa kitabu. Akasoma. Akasoma tena, midomo inatembea. Akasema hapana, hakijasema.

Mwanasiti akageuka akatoka nje, akapita mbele ya masufuria ya Ngwali, akaokota kifurushi cha njiti kilichoegemea ukuta wa jiko, kilekile ambacho Ngwali alikitumia asubuhi kuondoa majivu. Akarudi nacho akakiweka mezani kando ya kile cha kwanza. Akavigusa kimoja baada ya kingine. Akasema hiki ni ufagio, andika. Na hili ni peo, andika. Ni vitu viwili, vina majina mawili, kila kimoja lake.

Nawaambieni, ilikuwa njiti za mnazi na njiti za mnazi. Hata kamba zilifanana. Lakini Bwana Mauya alivitazama muda mrefu kwa uso wa mtu aliyetua mzigo, akatoa utepe mwekundu mfukoni akaufunga kwenye ufagio, akatoa wa kijani akaufunga kwenye peo, ili visije kuchanganywa. Akaandika kitu cha arobaini. Akapiga mstari mpya kwa rula, akaandika cha arobaini na moja. Ishirini kwa ishirini. Kengele ya saa saba ilipolia wino ulikuwa haujakauka, na vigelegele vilipasua turubai.

Pilau haikuungua, kama mlikuwa na wasiwasi. Ilishika chini kidogo, na wale wanaopenda ukoko waligombania. Bi Mize na Shangazi Mbonea walikula sinia moja, wakisukumiana vipande vya nyama bila kusemeshana sana. Na kabla watu hawajanawa mikono habari ilikuwa imeenea mji mzima. Wachumba waliokwama miaka mitatu, saba, tisa, walikuwa njiani kwenda sokoni kununua ungo wa pili, na glasi ya pili, na mto wa pili wa kulalia. Wasusi wa vikapu walianza kufanya kazi zamu mbili. Mjumbe mmoja wa Baraza Kuu alisimama katikati ya karamu akasema huo ndio ufumbuzi ambao taifa limeusubiri, na kwamba kila nyumba ya Itwani sasa ijengewe chumba cha ziada cha kuhifadhia majina. Watu wakampigia makofi. Kwamba kitu kimoja kingeweza kubeba majina mawili na kisivunjike, hilo halikumjia mtu akilini, au kama lilimjia alilimeza pamoja na pilau.

Asubuhi iliyofuata Ngwali alikuja kuchukua masufuria yake. Uwanja ulikuwa umejaa majani ya migomba, mifupa na karatasi za maua, na Mbelwa na Mwanasiti walikuwa wanaondoa uchafu, mke amejifunga leso kiunoni, mume amekunja suruali. Walikuwa wanazungumza habari za tairi la baiskeli ya mtu. Katikati ya mazungumzo Mbelwa akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Hebu nipe peo."

Mwanasiti akampa lililokuwa karibu. Lilikuwa na utepe mwekundu, ule wa ufagio. Mbelwa akalipokea akaendelea kufagia, na habari ya tairi ikaendelea, na hakuna kati yao aliyeona kitu.

Ngwali aliona, akasimama na sufuria mkononi. Bi Mize naye aliona, alikuwa dirishani na chai yake. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akahakikisha Msajili hayupo njiani, kisha akavuta dirisha akalifunga taratibu ili lisilie.